Tundu la Tano na Tundu la Sita

Kama kuna mtu aliyezaliwa na kinyaa, basi ni yule mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi. Ukimpa kikombe cha chai anakizungusha kwanza, anatafuta pembe ambayo midomo ya watu haijaifikia. Na mtu kama huyo, jamani, katika kazi zote za dunia, akaenda kuchagua kazi ya vipaza sauti! Kukodisha maiki na spika kwenye harusi, misiba na mikutano, ambako kila mwenye kinywa anakuja kumwaga mate yake juu ya maiki ileile. Huyu katoka kula kitunguu kibichi, yule mswaki kausahau siku nyingi, mwingine anaikumbatia na kuibusu kabisa kama mchumba wake. Fundi alitembea na chupa ya spiriti na kitambaa cheupe. Msemaji akishuka, yeye anapanda, anafuta, ananusa, anakunja pua, anafuta tena. Watu walimcheka. Yeye aliwaambia wacheke tu, wangenusa anachonusa yeye wasingecheka.

Siku nyoka yake ya zamani ilipokufa, alishindwa kula mpaka kesho yake. Nyoka ni jina la mafundi. Ni waya mmoja mnene kama kidole gumba, na ndani yake zimepita nyaya ndogo nyingi. Upande wa jukwaani una sanduku lenye matundu ya kuchomekea maiki, na upande wa pili, kule nyuma ya ukumbi anakokaa fundi, una mikia inayoingia kwenye miksa, mashine ya kuchanganya na kupima sauti. Usipokuwa nayo utatandaza waya mmoja kwa kila maiki, na wageni wote watajikwaa na kukulaani. Basi, nyoka ya Fundi ilikuwa imelala kando ya ukuta wa ukumbi mmoja hivi, vyoo vya ukumbi huo vikafurika katikati ya sherehe. Maji yalipita chini ya mlango na vitu vyake ndani yake, yakaizunguka nyoka, yakalijaza sanduku. Na wageni je? Walisogeza viti, wakaendelea kula. Kula! Wamenyanyua miguu juu na mapaja ya kuku mkononi!

Mumewe, mtu mpole ambaye kazi yake katika biashara ile ilikuwa kubeba spika na kunyamaza, siku hiyo alifungua mdomo. Alisema, "Tutaiosha na sabuni, mke wangu. Itakuwa mpya."

Fundi alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu sana, na mume mwenyewe akainuka, akavaa mifuko ya nailoni mikononi, akaenda kuitupa.

Mitambo yao waliihifadhi katika chumba cha mbele cha nyumba ya baba mkwe, chumba kinachotazama barabara. Humo ndimo Fundi alimolehemu plagi na kufungua spika, na humo ndimo baba mkwe alimoshinda, ameketi juu ya spika kubwa iliyoungua kama yuko barazani kwake. Zamani mzee alikuwa mnadi wa mitumba na vyombo. Akinadi upande huu wa barabara, wa upande ule anafungua pochi. Kisha akaugua koo, akapasuliwa, na tangu hapo sauti yake ikawa mnong'ono mkavu, kama mtu anayekunja gazeti. Ukitaka kumsikia lazima uiname. Wanawe wengi hawakuwa na muda wa kuinama. Fundi alikuwa nao, na ajabu ni kwamba kwa mzee kinyaa chake kilimtoka. Aliinamisha sikio mpaka karibu na mdomo wake, bila spiriti wala kitambaa.

Wakati huo binti wa mwisho wa mzee, kitinda mimba, alikuwa anaolewa. Kaka zake walishakata shauri kwamba baba asizungumze siku ya harusi. Atatia aibu, walisema, watu watakaa wanamtazama anachezesha midomo. Mzee hakubishana nao. Alikwenda kuketi juu ya spika yake, akamwita mkwewe kwa kidole.

"Wewe ndiye fundi," alinong'ona. "Nataka mwanangu anisikie. Maneno machache tu, lakini kwa kinywa changu."

"Utasikika, baba. Hiyo niachie mimi."

"Na jambo lingine." Mzee alipumzika kidogo, maana kila sentensi ilimla pumzi. "Ugonjwa umerudi. Kaka zake wanajua, mumeo anajua, sasa na wewe unajua. Yeye hajui. Asijue mpaka harusi ipite. Nitamwambia mwenyewe, taratibu, akija kunitembelea."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Alitamani kulia lakini hakutaka kumlilia mtu aliye hai mbele ya macho yake. Alichukua maiki iliyo bora kuliko zote, akaifuta, akamweka mzee nayo palepale chumbani, akaifungua mpaka mwisho. Na mnong'ono ule ukatoka kwenye spika, mkavu lakini wazi, neno kwa neno. Mzee alishtuka kujisikia. Akacheka bila sauti, mabega yakitingishika.

Kilichobaki kilikuwa nyoka tu.

Mfuko wa harusi ulishikwa na kaka mkubwa wa mumewe, mwenyekiti wa kamati, ambaye watu walimwita Punguza. Alikuwa na mkono wa birika yule mtu, loo! Hajapata kununua kitu bila kusema "punguza". Alilisema hata kwa muuza majeneza, na huo si utani. Alilisema siku ya kumzika mama yake mzazi, mikono mfukoni, mbele ya waombolezaji. Makubaliano yalikuwa kwamba Fundi aendeshe mitambo ya harusi bure, na kamati imnunulie nyoka mpya badala ya malipo. Punguza alishikilia kwenda naye dukani mwenyewe, kwa kuwa, kama alivyosema, wanawake wanadanganywa.

Duka lilikuwa chini ya ngazi za jengo moja kuukuu, mahali paka wote wa mjini walipopafanya choo. Fundi aliingia amebana pumzi. Muuzaji alikuwa ameegemea meza ya kioo, anachokonoa meno kwa ncha ya plagi ya maiki. Plagi ya kuuza! Alipowaona aliifuta kwenye suruali, akaitupa kwenye bakuli pamoja na wenzake.

"Karibuni, wateja. Mnataka nini?"

Fundi alitaka kwenda nyumbani. Lakini alieleza, na muuzaji akashusha nyoka moja kutoka juu ya kabati, akaipuliza vumbi likamwingia Fundi mdomoni. Hiyo ilikuwa nyoka ya kweli. Ndani yake kila waya ulikuwa umevishwa utando wake wa shaba, usikutane na jirani. Sanduku lake la chuma lilifungwa kwa skrubu, na mikia yake ilikuwa ya kulehemu, ukikatika mmoja unauunga. Fundi alisahau harufu ya paka. Punguza aliuliza bei, akaguna kama mtu aliyekanyagwa.

"Kuna njia ya nafuu kuliko hiyo, shemeji," Fundi alisema haraka, kwa kuwa hilo alilitarajia. "Tununue waya wenyewe kwa urefu tunaoutaka, sanduku tupu na plagi. Mimi nitalehemu. Ukumbi ni mdogo, hatuhitaji waya mrefu wala matundu mengi. Itatoka nzuri kama hii, na bei itashuka sana."

Hapo ndipo mambo yangekwisha vizuri, kama Punguza angekuwa mtu wa kusikiliza. Lakini jicho lake lilikuwa limeshatua kwenye kitu kilichoning'inia msumarini, kinang'aa, kimefungwa utepe mwekundu.

"Na hiyo je?"

"Hiyo ndiyo nafuu yetu, bosi," muuzaji alisema. "Iko tayari. Unachomeka, unaimba."

Fundi aliipokea kwa vidole viwili. Ilinata. Ngozi yake ilikuwa na utomvu fulani kama wa raba iliyoachwa juani, na harufu yake ilikuwa ya ndala zilizoungua. Sanduku lilikuwa la plastiki, limegandishwa kwa gundi pande zote, bila skrubu hata moja, na gundi yenyewe ilikuwa imetoka pembeni kama kamasi. Alipolitikisa, kitu kililia ndani.

"Shemeji, hiki siwezi kukifungua nikaona kilichomo."

"Kwani unataka kuhamia humo?" Punguza alisema, akamkonyeza muuzaji, na wote wawili wakacheka.

"Nikiwa sioni walivyolehemu, sijui nabeba nini. Na kikiharibika ni cha kutupa."

"Kikiharibika baada ya harusi, hayo ni yako." Kisha akamgeukia muuzaji. "Punguza."

Angeweza kukataa. Angeweza kuitupa juu ya meza na kusema haya, tafuteni fundi mwingine. Lakini fundi mwingine angefuata amri ya kamati, na kamati ilikuwa imesema mzee asizungumze. Kwa hiyo Fundi alimeza mate yake na vumbi lake, akaibeba ile takataka mpaka nyumbani imefungwa kwenye gazeti, ameiweka mbali na mwili kama mtu aliyebeba panya aliyekufa.

Nyumbani aliifuta kwa spiriti kuanzia sanduku mpaka mikia. Kitambaa kilitoka cheusi. Akachukua kingine, kikatoka cheusi. Halafu akaipima jinsi mafundi wote wanavyopima: maiki moja mkononi, anaichomeka tundu la kwanza, anafungua njia ya kwanza kwenye miksa na kuzifunga nyingine zote, anasema "moja, mbili", anasikiliza, anahamia la pili, anafungua la pili, anafunga mengine. Tundu kwa tundu. Yote yalitoa sauti. Yote yalikuwa safi, hata akaona haya kidogo kwa maneno aliyokuwa ameyasema moyoni. Tundu la tano lilikuwa kimya kuliko mengine, halina mvumo hata chembe, na hilo akampa mzee.

"Nasikika?" mzee aliuliza kwenye maiki.

"Mpaka kwa jirani, baba."

Siku ya harusi ilianza na uchafu wake wa kawaida. Ukumbi ulikuwa umetoka kutumiwa kwa mkutano wa watu wengine, na sakafu ilinata soda na ndizi zilizokanyagwa. Fundi alipiga deki ukanda mzima wa kando ya ukuta kabla ya kuilaza nyoka, kazi ambayo si yake. Wahudumu walisimama wakimtazama wameshika viuno. Mumewe alipandisha spika mbili kubwa mbele ya jukwaa, zikitazama wageni. Maharusi waliwekewa viti vyao chini, mbele ya umati, uso kwa uso na jukwaa. Juu ya jukwaa ilikaa meza kuu, na hapo ndipo Punguza alipoanza kimbelembele chake.

"Maiki yangu iko wapi?"

"Utapewa wakati wako ukifika, shemeji."

"Mwenyekiti hawezi kuwa anaombaomba maiki. Niwekee yangu hapa mbele yangu, ikae."

Fundi akamwekea. Aliichomeka tundu la sita kwa kuwa lilikuwa wazi, akarudi nyuma kwenye miksa yake, akaifunga njia ya sita kwa kidole. Aliapa kuifungua pale tu Punguza atakapotajwa, na kuifunga kabla hajamaliza kusema asante.

Chakula kikaja. Fundi hakukitazama. Aliona tu kwa mbali jinsi Punguza alivyoivuta maiki pembeni ya sahani, mchuzi ukiirukia, na upande wake wa pili ameketi mtu mmoja mnene wa suti ya kijivu ambaye hakuwa ndugu wa upande wowote. Dalali wa nyumba. Fundi alimfahamu, maana alikuwa amempitia mara mbili pale chumba cha mbele, akichungulia dari na kugonga kuta, akisema anatafuta choo.

Mshereheshaji alimruka mzee. Alikuwa ameambiwa amruke. Alimtaja shangazi wa bwana harusi, akamtaja mwajiri wa bwana harusi, kisha akataka kutaja keki. Ndipo mume wa Fundi, yule wa kunyamaza, alipomshika baba yake mkono, akampandisha jukwaani bila kumwomba mtu ruhusa. Fundi akafungua njia ya tano mpaka mwisho.

"Wageni wangu," mzee alisema.

Ukumbi ulinyamaza. Sauti ile kavu ilizunguka kuta zote, ikawafikia mpaka waliosimama mlangoni na sahani zao. Bibi harusi aliinua kichwa. Mwaka mzima hakuwa amemsikia baba yake bila kuinama. Fundi, kule nyuma, kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu.

"Nawashukuru kwa kuja. Nina maneno machache kwa mwanangu."

Mzee akanyamaza kuvuta pumzi. Na katika kimya kile, kutoka kwenye spika mbili kubwa, ikatoka sauti ya mtu anatafuna.

Si kutafuna kidogo. Nyaf, nyaf, nyaf, mate na mfupa na ulimi, kisha kidole kikanyonywa mpaka kikalia, kisha mtu akacheua. Ukumbi mzima uliingizwa ndani ya kinywa kile. Mama mmoja alifunika mdomo kwa leso. Vijana wakaangua kicheko. Mzee alitazama maiki yake kama kitu kilichomng'ata.

Fundi alitazama miksa. Njia ya sita ilikuwa imefungwa. Alivaa hedifoni, akasikiliza njia ya tano peke yake, na kutafuna kulikuwa humohumo, tundu la mzee. Akaelewa yote kwa mkupuo. Ndani ya lile sanduku lisilofunguka, waya wa tano na waya wa sita zilikuwa zimeunganishwa na tone moja la risasi ya kulehemu. Alipopima alifungua tundu moja na kufunga mengine, kwa hiyo kila tundu lilitoa sauti yake safi, na hakupata hata siku moja kuweka maiki mbili pamoja asikilize kama zinaingiliana. Kwani nani hupima hivyo? Hakuna. Akajitukana hata hivyo. Kufunga ya sita hakukusaidia kitu, na kufunga ya tano kulikuwa kumnyamazisha mzee. Dawa ilikuwa moja, kwenda jukwaani na kuichomoa plagi ya Punguza kwenye sanduku.

Alikwenda mbio ameinama kando ya ukuta. Jukwaani mzee alikuwa ameanza tena, kwa ujasiri, "Mwanangu, unakumbuka nilivyokuwa nanadi..." na watu wakamsikiliza, na akapumua tena. Fundi alipiga goti nyuma ya spika, akalishika sanduku linalonata, kidole kwenye plagi ya sita.

"Umeiona nyumba lakini?" zilisema spika. Ilikuwa sauti ya Punguza, ya chini, ya siri, amemwinamia dalali. "Ni imara. Ile takataka ya chumba cha mbele tutaitoa, huyo shemeji na mawaya yake atajua pa kwenda. Tunaipiga bei yote kwa pamoja."

Kidole cha Fundi kikasimama.

Spika zilitazama wageni, si meza kuu, na Punguza alikuwa ameizamia sahani. Kicheko cha watu alidhani wanamcheka baba yake. Hakujua. Lakini wageni walijua. Fundi aliona nyuso zikigeuka moja moja kuelekea meza kuu. Kila siku yeye peke yake ndiye anayenusa vinywa vya watu. Kila siku yeye ndiye anayefuta. Basi leo na wao wanuse. Acha wamsikie. Acha mji mzima umsikie mpaka mwisho. Plagi ilikuwa kati ya vidole vyake, ya kuvuta tu, na hakuivuta.

"Na mzee?" aliuliza dalali.

"Mzee si wa mwaka huu. Daktari keshasema, ugonjwa umerudi, umesambaa. Tumemficha huyu kitinda mimba tu, asije akatulilia hapa akaharibu sherehe."

Fundi alivuta. Plagi ilitoka na kishindo kidogo, kisha kimya kikaingia, kimya safi kabisa, bila mvumo hata chembe.

Hakuna aliyecheka sasa. Dalali ndiye aliyetambua kwanza, akamvuta Punguza mkono wa koti. Bibi harusi alikuwa amesimama. Alikuwa anamtazama baba yake, na mdomo wake ulikuwa wazi, na alikuwa anatikisa kichwa polepole kumwomba akanushe.

Mzee hakukanusha. Alishika maiki kwa mikono miwili, na akayasema maneno yake yote, kama alivyokuwa ameyarudiarudia juu ya ile spika iliyoungua. "Mwanangu, nilikuwa nanadi vitu vya watu kwa sauti kubwa. Wewe sikunadi, kwa kuwa huna bei. Nenda kwa amani. Siku utakayorudi, mlango ni wako." Yalisikika neno kwa neno, mpaka nje, mpaka barabarani. Fundi hajapata kusikia mtambo ukitoa sauti safi kama ile. Na hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa anasikiliza. Binti alikuwa ameinamia magoti ya bwana harusi, analia kwa sauti kubwa kuliko ya mzee, na kila aliyekuwa karibu alikuwa anamshughulikia yeye.

Punguza, mtu mzima hovyo, alijitetea jioni ileile kwa kila aliyetaka na asiyetaka. Mitambo mibovu! Alisema alijua tangu mwanzo kwamba mwanamke hawezi kazi zile, kwamba maiki ilifungwa na bado ikasema, uchawi gani huo. Wapo waliomwamini. Fundi alikunja nyoka, akafuta maiki ya Punguza mafuta na mchuzi, akatapika nyuma ya ukumbi.

Siku zilizofuata alikuwa mkali kama pilipili. Alilipasua lile sanduku kwa nyundo, na kweli, palepale alipofikiria, kati ya la tano na la sita, tone la risasi lilikuwa limetambaa na kuzigusanisha nyaya. Kazi ya mtu asiyejali. Alimtukana aliyelehemu, akamtukana yule muuzaji mchokonoa meno, akamtukana shemeji yake kwa majina ambayo mumewe aliomba yasirudiwe mbele ya watoto. Dalali hakuonekana tena. Kitinda mimba alikuja kumtazama baba yake kila siku, macho yamevimba, ameleta dawa na mito, amekataa kwenda kule walikopanga kwenda na mumewe, na alipopita chumba cha mbele alimsalimu Fundi kwa upole, "Hujambo, wifi," na Fundi akashindwa kumtazama usoni.

Asubuhi moja mzee aliingia, mwembamba zaidi, akaketi juu ya spika yake. Fundi alimletea vipande vya sanduku, akapiga magoti, akamwonyesha.

"Tazama, baba. Tone hili hapa. Hili ndilo lililotuua. Nilimwambia shemeji, nikamwambia kitu hiki hakifunguki, akanicheka. Tungelehemu wenyewe, haya yote yasingetokea. Ni huyo na ubahili wake!"

Mzee alikipokea kipande, akakigeuza kwenye mwanga wa mlango. Alikitazama kwa makini, kama zamani alipokuwa akikagua chombo kabla ya kukinadi. Kisha akamwita kwa kidole, na Fundi akainamisha sikio.

"Nimeliona," alinong'ona. "Na mkono wako niliuona. Nilikuwa nimesimama juu yako."

Fundi alikusanya vipande vingine vya sanduku, bila kuondoa sikio.

"Ulikuwa umeshaishika ile plagi." Mzee akavuta pumzi, akangoja, akavuta nyingine. "Yule mwanangu mkubwa namjua siku zote. Ya nyumba nilikuwa nayajua. Huyu mdogo ndiye hakuwa anajua. Ungechomoa, mama."

Hakusema kwa hasira. Alimrudishia kipande chake, akampigapiga begani, akageuka kutazama barabara kama alivyozoea. Fundi aliinuka. Alichukua chupa ya spiriti, akamimina kwenye kitambaa, akaufuta mkono wake wa kulia, kidole kwa kidole, akaunusa, akaufuta tena.